Upande Ambao Runinga Haikunionyesha

Nilitazama kriketi kwa miaka minne kabla ya kukanyaga nyasi za uwanja wake hata mara moja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mimi ni mtu wa kuficha makosa, na nikianza kuficha huwa sijui pa kukomea. Yote niliyoyajua kuhusu mchezo ule niliyapata nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka moja la vifaa vya umeme mjini Kitale, rimoti mkononi.

Duka lenyewe linauza televisheni, madishi, redio, nyaya na balbu. Nililifikia nikitoka nyumbani Kabuchai, kule Bungoma, na cheti cha Kidato cha Nne, pamoja na hofu ya kukosea ambayo sijui kama nilizaliwa nayo au niliiokota shuleni. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuandika kadi ndogo za kuelezea kila televisheni: ukubwa wake, matundu yake ya waya, dhamana yake. Herufi moja ikipinda, naichana kadi na kuanza upya. Siku moja mwenye duka alikuta kadi kumi na moja kwenye pipa la taka, zote za televisheni moja. Akaziangalia, akaniangalia, akasema, "Sasa hii TV imekosea nini?"

Mama wa mwenye duka ndiye aliyenifundisha kriketi. Sisi wote dukani tulimwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, kama wajukuu wake wanavyomwita. Magoti yalikuwa yamemchosha, kwa hiyo mchana aliletwa dukani, akakalishwa kwenye kiti chenye mto, na televisheni kubwa ya ukutani ikawa yake. Zile ndogo tuliruhusiwa kuonyesha chochote, lakini ile kubwa ilikuwa ya timu za miji ya India, msimu hadi msimu. Timu za taifa hazikumshughulisha sana. "Ya taifa ni ya kila mtu," alisema. "Ya mji ni ya jirani yako, ndiyo inauma."

Mwanzoni nilikuwa naona watu wenye nguo za rangi wakisimama muda mrefu. Kisha nikaanza kuuliza.

"Ba, huyu ametolewa kwa nini? Hakuna mtu amemgusa."

"Mguu yake imezuia mpira, beta." Aliniita beta, mwanangu, kama alivyomwita kila mtu aliyekuwa chini ya miaka sitini. "Mpira ilikuwa inaenda kwa vijiti."

"Na refa amejuaje, na mpira haujafika?"

"Ndiyo maana yeye ni refa na wewe unauza waya. Lete chai."

Nilinunua daftari nene. Halafu la pili, na la tatu. Nilichora uwanja kwa rula na bikari: njia ya katikati, vijiti vitatu huku na vijiti vitatu kule, mduara wa nje, na nukta kumi na moja za wachezaji wa kudaka. Katika kila mchoro mrushaji alikuwa chini ya ukurasa na mpigaji juu, kama nilivyowaona kwenye kioo. Nilijua kwamba mrushaji akirusha mipira sita, hiyo inaitwa ova. Nilijua kwamba ova ikiisha linakuja tangazo, la sabuni, au la simu, au la saruji. Wakati wa tangazo nilikuwa nahudumia mteja au naongeza maziwa kwenye sufuria. Tangazo likiisha, nakuta mrushaji mwingine amesimama palepale chini ya kioo na mpigaji palepale juu, mchezo unaendelea. Niliandika yote. Nilidhani nimeandika yote.

Sasa, hapo Kitale kuna kituo kidogo cha runinga cha michezo. Kinaonyesha mpira wa miguu wa mitaani, mbio za shule, na siku zisizo na kitu kinarudia mechi za zamani hadi watazamaji wanajua mabao kwa kichwa. Mkubwa wa kituo ni mwanamke mmoja mwenye haraka ya maisha, anayeingia dukani akiwa tayari anatoka. Siku hiyo alikuja kutafuta waya, akanikuta namweleza mteja kwa nini mpigaji aliye kwenye TV hakupaswa kuucheza ule mpira kwa mguu wa nyuma. Alisimama. Hilo peke yake lilinishangaza.

"Wewe, hii kitu unaijua?"

"Naijua," nikasema.

Mimi sijawahi kujibu swali lolote maishani kwa neno moja. Huwa naweka "nadhani" mbele na "lakini sina uhakika" nyuma. Siku hiyo, sijui ni pepo gani, nilisema naijua.

Akaeleza akiwa ameshika mlango. Miji ya magharibi ilikuwa imefufua mashindano yake ya kriketi: wenye maduka, walimu, wanafunzi, makanika wa matrekta, yeyote anayejua kushika gongo. Mechi ya kwanza ilikuwa Kitale dhidi ya Bungoma, kwetu Kitale, Jumamosi. Kituo chake kingeionyesha moja kwa moja, kwa Kiswahili, na alihitaji mtu wa kutangaza na kumwelekeza mpiga picha wake, kwa maana huyo alijua mpira wa miguu na harusi basi.

"Ni mechi moja ya kujaribu," alisema. "Ikishika, unatangaza mashindano yote. Isiposhika, narudi kwa zile mechi zangu za zamani. Sitabembeleza mtu atazame kitu haelewi."

Akaondoka bila waya. Ba, ambaye nilidhani amesinzia, alisema bila kufungua macho, "Usiseme haraka. Na usiseme kila kitu."

Wiki ile sikula vizuri. Nilitafuta neno la Kiswahili kwa kila kitu uwanjani na nikayaandika kwenye kadi, zile zile za dukani. Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa ulimi. Sisi watu wa Bungoma tunajulikana: ukituharakisha, r inakuwa l na l inakuwa r, na mchezo huu ulikuwa umejaa warushaji. Nilifanya mazoezi kwa simu na mama yangu aliyeko Kabuchai.

"Mrushaji amerusha," nilisema.

"Mlushaji amelusha," aliitikia mama kwa furaha. "Mbona ni lahisi?"

Ijumaa nilikwenda uwanjani na mpiga picha. Alikuwa kijana mpole wa Kachibora, kofia nyuma mbele, na kamera moja. Nasisitiza, moja. Alitembea mpaka ukingoni, katikati ya urefu wa uwanja, pale ambapo ukisimama unaona vijiti vya huku kushotoni na vijiti vya kule kuliani.

"Hapa iko poa," alisema. "Kama ya mpira. Unaona pande zote."

"Hii siyo mpira wa miguu," nikamwambia.

"Najua, lakini si unaona pande zote?"

Nilifungua daftari. Nikamwonyesha michoro, kurasa baada ya kurasa, mrushaji chini, mpigaji juu. "Kamera inakaa nyuma ya mrushaji. Umewahi kuona kriketi ikionyeshwa kutoka kando?"

"Mimi sijawahi kuona kriketi kabisa, dada."

"Basi."

Akainua mikono. "Sawa, Injinia. Wewe ndio unajua."

Tulitumia saa tatu kujenga jukwaa nyuma ya vijiti vya upande wa barabara, mbao juu ya mapipa, kamba juu ya kamba. Waya wa umeme tuliufukia kwenye nyasi ili mtu asijikwae. Nilipima kwa futi ya fundi kwamba kamera iko katikati kabisa ya njia. Ilikuwa nje kwa upana wa vidole viwili. Nikataka tuanze upya. Yule kijana wa Kachibora alinitazama kwa huruma ya kweli, kisha akaanza kufungua kamba.

Jumamosi ilikucha safi. Mkeka wa kuchezea ulikuwa umetandikwa katikati, watu wamekuja na viti vyao, akina mama wa maduka ya Kihindi wameleta bhajia na birika za chai, na nyuma ya ukingo wa mbali mahindi ya jirani yalikuwa yamepita kimo cha mtu. Refa alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, mrefu, amevaa koti jeupe la maabara ambalo bado lilikuwa na doa la kemikali mfukoni. Kila mtu alimwita Mwalimu. Sauti yangu ilikuwa inakwenda hewani na pia kwenye spika mbili za uwanjani, ili waliokuja wasiojua wapate kuelewa. Ba alikuwa nyumbani mbele ya runinga, simu mkononi. Kitale walidaka kwanza, Bungoma wakapiga.

Ova ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Mrushaji alitoka chini ya kioo akikimbia, mpira ukapiga mkeka, mpigaji akazuia. Picha ilikuwa kama ile ya ukutani dukani. Ulimi wangu ulikaa mahali pake. Nilisema "mrushaji" mara tisa, na zote tisa zilikuwa mrushaji. Kijana wa Kachibora alinionyesha kidole gumba. Mpira wa sita ukachezwa, Mwalimu akapaza sauti, "Ova!"

Nikanyamaza, nikingoja tangazo.

Hapakuwa na tangazo. Kituo chetu hakikuwa na mtu wa kutangaza sabuni. Badala yake niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka minne: watu wote wakianza kutembea. Waliokuwa mbali wakaja karibu, waliokuwa karibu wakaenda mbali. Yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti kudaka alitoka kule mwisho, glavu zake kubwa zikining'inia, akaja moja kwa moja kuelekea kwetu, akageuka, akachuchumaa mbele ya kamera. Kwenye kioo changu kidogo palijaa suruali nyeupe yenye doa la nyasi. Mrushaji mpya alikuwa kule mwisho wa dunia, mdogo kama punje ya njugu.

Mtu mwingine angejiuliza kama yeye ndiye hajui. Mimi nilikuwa na madaftari matatu.

"Watazamaji," nikasema, na spika mbili zikasema nami, "naona kuna mkanganyiko kidogo. Wachezaji wamesimama upande usio sahihi. Refa, tafadhali warudishe."

Mtu aliacha kutafuna bhajia. Mwalimu alikuja hadi chini ya jukwaa taratibu, mikono mfukoni mwa koti lake, kama mtu anayekuja kuangalia kazi ya mwanafunzi.

"Binti, umesema turudi wapi?"

"Mwalimu, mrushaji anatoka upande huu."

"Ova ya kwanza, ndiyo. Ya pili inatoka ule. Ya tatu, huu. Ya nne, ule. Ni hivyo tangu babu yangu hajazaliwa."

"Lakini kwa TV wanatoka upande mmoja tu!"

Hakunicheka. Hilo nitamshukuru siku zote. "Hiyo TV iko na kamera ngapi?"

Nikaitazama ile yetu.

"Iko na moja huku na moja kule, binti. Watu wakihama, picha nayo inahama, wewe unaona mambo ni yaleyale. Wewe uko na ngapi?"

"Moja."

"Basi," akasema, akageuka kurudi.

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Mpigaji wa Bungoma, jitu la watu lenye duka la vipuri, aliegemea gongo lake na kupiga kelele, "Dada wa terevisheni! Tuhame ama tukae?" Kitale walicheka, Bungoma walicheka, mdakaji aliyekuwa amenipa mgongo alitikisika mabega.

Na mimi, katikati ya aibu ile, nilikuwa nakumbuka vivuli. Kwenye televisheni ya Ba, mechi za jioni ya India, vivuli vya wachezaji vilikuwa virefu, na kila baada ya tangazo vililala upande mwingine. Nilikuwa nimeviona. Nilikuwa hata nimevichora mara moja, kwa penseli, kisha nikavifuta kwa sababu havikufanana na vya mchoro wa juu yake.

Mchezo uliendelea bila sisi. Kijana wa Kachibora aliing'oa kamera akajaribu kuzunguka nayo upande wa pili, akafika nusu ya njia waya ukakataa kufika. Akarudi. Ova ikaisha, wakahama tena, kwa dakika chache picha ikawa nzuri, kisha suruali ikarudi. Simu mbili, yangu na ya kituo, zikalia pamoja. Niliifunika maikrofoni. Ya kwanza ilikuwa ya Ba.

"Beta, kwa nini unagombana na refa?"

"Ba, ulijua wanabadilishana pande?"

"Nani hajui? Nimekaa uwanja hiyo miaka ngapi nikikata mkate na nyanya, baba ya huyu mwenye duka akicheza. Kila ova unageuza shingo. Huku, kule. Jioni shingo inauma."

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza. Wewe uliuliza zile ngumu tu." Akakata.

Ya pili ilikuwa ya mkubwa wa kituo. "Kwa nini nawaonyesha watu suruali?"

Nilifungua mdomo. Na hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli wote, kwa sababu ndipo nilipokaribia kabisa kutousema. Nilikuwa na maneno tayari: hitilafu ya mitambo. Ni maneno mazuri, hayana mwenyewe. Mitambo ingebeba lawama, na kama mitambo ingekataa, kijana wa Kachibora angeibeba, kwa maana kamera ilikuwa yake. Mechi ilikuwa ni hii moja. Nikisema ni mimi, mashindano yamekwisha kwangu kabla ya ova ya tano, na Jumatatu narudi kwenye kadi zangu.

"Nauliza, kosa ni la nani?" sauti ya simu ikasema.

Kijana wa Kachibora aliisikia. Alikuwa amechuchumaa akikunja waya. Hakusema "nilikuambia." Aliendelea kukunja, akijifanya hasikii, na nadhani kujifanya kule ndiko kulikonivunja.

"Ni langu," nikasema. "Yeye alitaka kuiweka kando tangu jana. Nilimkatalia."

Mkubwa wa kituo akafoka: "Sasa si muiweke kando, bana!"

Niliifunua maikrofoni. Niliiegemeza kifuani. "Watazamaji wetu," nikasema, "kamera niliiweka mimi, na niliiweka vibaya. Mchezo huu nimejifunza kwa runinga, na runinga haikunionyesha kwamba kila ova ikiisha wanahama. Refa yuko sahihi na mimi nimekosea. Tunaomba dakika kumi tuhame na sisi."

Kulikuwa na sauti fulani uwanjani, si kicheko hasa. Mwalimu aliangalia saa yake, akatangaza kwamba wachezaji watakunywa maji mapema. Mtu akaleta chai badala ya maji. Mdakaji wa Kitale na yule jitu wa vipuri walikuja wakabeba mapipa, mmoja huku mmoja kule, na jukwaa letu la saa tatu likabebwa hadi ukingoni kama sanduku la nguo. Hakuna aliyepima katikati. Nilianza kutafuta futi, kijana wa Kachibora akaikalia.

Kutoka kando uliona kila kitu na hukuona kitu. Uliona pande zote mbili, warushaji wakikimbia kutoka kushoto, halafu ova inayofuata kutoka kulia. Uliona wapigaji wakipishana katikati kutafuta mikimbio, ambayo ndiyo alama za mchezo huu. Lakini hukuweza kuona kama mpira unaelekea vijitini au unapinda kando, kitu ambacho kamera ya nyuma ya mrushaji inakionyesha vizuri. Mtazamaji angekuwa kipofu wa hilo. Ilibidi mtu amwambie.

Kwa hiyo nikaanza kusema. Kadi zangu hazikuwa na msaada, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya picha nyingine. Nilisema mpira huu umekuja kama mbuzi anayeliona shamba, umepinda dakika ya mwisho. Nilisema huyu anapiga kama anayekata miwa, gongo linatoka chini. Mara moja nilisema "mlushaji," nikasikia mtu wa Bungoma akishangilia kana kwamba wamepata mikimbio minne, nikaendelea. Na ova ilipoisha, kabla mtu hajauliza, nilisema, "Wanahama!"

Ova iliyofuata baadhi ya watu wakaitikia, kwa kunidhihaki. "Wanahamaaa!" Ya tatu wakaitikia zaidi. Kufika saa sita hata akina mama wa bhajia walikuwa wanalipaza, na mdakaji mwenye suruali ya doa alikuwa anainama kidogo kila anapopita mbele yetu, kama bwana harusi.

Yule jitu wa vipuri aliupiga mpira mmoja ukaenda ndani ya mahindi ya jirani. Timu mbili nzima ziliingia kuutafuta, na kwa dakika sita runinga ya michezo ilionyesha mahindi yakitikisika, nami nikitangaza mahindi. Lilikuwa pambano kali. Mwishoni mwenye shamba alitoka nao akiwa ameushika juu, akashangiliwa kuliko mchezaji yeyote siku ile. Bungoma walishinda kwa mikimbio saba, na sikujua nifurahi au nisikitike, kwa kuwa mji mmoja ni wa kazi yangu na mwingine ni wa damu yangu.

Baada ya mechi mkubwa wa kituo alikuja mwenyewe, gari likiwa linanguruma.

"Watu wamepiga simu," alisema.

"Wanalalamika?"

"Wanauliza kwa nini wanahama. Ni kwa nini?"

"Mwalimu ameniambia ni ili upande mmoja wa mkeka usichakae peke yake. Na jua na upepo vigawanywe, kila timu ipate taabu yake."

Alifikiri kwa muda mrefu, yaani sekunde mbili. "Hiyo ungesema mwanzo. Bungoma ni Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Utatangaza. Lakini kamera," na akamwelekezea kidole yule kijana wa Kachibora, "hiyo ni yake. Wewe usiiguse."

"Sitaigusa."

"Hata kwa futi," akasema kijana wa Kachibora.

Jumatatu Ba alinifanya nikae kwenye kibao karibu yake wakati wa matangazo ya biashara, nisiondoke. "Angalia vivuli," alisema. Tuliangalia vivuli. Niliongeza ukurasa mmoja kwenye daftari la tatu, na mrushaji nikamchora juu. Mstari wa pembeni ulipinda kidogo. Niliuangalia sana. Nikageuza ukurasa.

Bungoma nilikuta jukwaa limeshajengwa kando, tena bora kuliko letu. Mwalimu alinipungia mkono kwa koti lake la maabara. Na chini ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki alichokibeba mwenyewe kutoka Kabuchai, alikuwa ameketi mama yangu, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amekiweka karibu kabisa na ukingo, kuelekea vijiti vya upande wa mjini, ili awe karibu na mrushaji.

Ova ya kwanza iliisha. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Uwanja mzima ulisema, "Wanahama!"

Wachezaji wakaanza kutembea. Na mama yangu akasimama, akachukua kiti chake, akakibeba begani, akatembea nao ukingoni hadi mwisho wa pili wa uwanja. Akakiweka chini. Akaketi, akarekebisha kitambaa, akangoja mrushaji.

Nilikuwa na maikrofoni mkononi na spika nne. Ningeweza kumwambia, kwa upole, kwamba watazamaji hawahami. Najua jinsi ya kuwarudisha watu upande sahihi. Nimewahi kufanya hivyo mbele ya miji miwili.

"Wamehama," nikawaambia watazamaji, "na mama mmoja amehama nao, kiti begani, kwa mwendo mzuri kabisa. Mrushaji yuko tayari."

Kijana wa Kachibora akaigeuza kamera, akamwonyesha mama. Kufika ova ya sita walikuwa akina mama wanne, kila mmoja na kiti chake.